Simenti ya Kanisa kwenye Mizani ya Straton

Ukitaka kumjua Mukasine, mtazame paji la uso kwanza. Juu kidogo ya nyusi ana mfereji mwembamba uliokwenda upande hadi upande, na hilo si kovu la ugonjwa wala la panga. Ni alama ya ukamba. Tangu akiwa na miaka kumi na sita mpaka alipompata Gaëlle, kitinda mimba wake, alibeba mizigo ya watu kati ya Kashebere na Walikale: chumvi, sabuni na kreti za bia wakati wa kushuka, mafuta ya mawese wakati wa kupanda. Mzigo mgongoni, ukamba kwenye paji, njia ya msituni siku mbili tatu, matope mpaka magotini. Walilipwa kwa kilo, na kwa kuwa tajiri ndiye aliyepima, na mizani ya tajiri siku zote iliona haba, Mukasine akajifunza kupima kwa kichwa. Ukimtwika mzigo, anapiga hatua tatu, anakuambia uzito wake. Wabebaji wenzake waliwekeana naye dau la mikate, na alikula mikate yao miaka mingi.

Sasa ana miaka arobaini na minane, ni mjane, na analima mpunga Mirenge, kwenye bonde pale vilima vya Masisi vinapokwisha na msitu wa Walikale unapoanza. Wa juu wana maharagwe, mihogo na ng'ombe wao. Wa bondeni wana mpunga, na mpunga ni kazi ya kukuzeesha. Unainama ndani ya maji tangu asubuhi, unakuja kuwinga ndege kuanzia alfajiri mpaka sauti inakauka, unavuna kwa kisu, unapiga masuke juu ya bashi, turubai la plastiki, unapepeta, unaanika, unakimbia na bashi lako kila wingu linapochungulia. Mukasine hakulalamika juu ya hayo. Ardhi ya bonde ilimpa kilichostahili jasho lake, na mvua haikuwa na ubaya naye.

Mwaka huu, baada ya kutoa cha kula, alibaki na magunia mawili ya kuuza na kifuko kimoja cha mbegu. Mbegu hiyo ni ya mpunga mwekundu aliouacha mama yake, na Mirenge mbegu haiguswi. Inatundikwa juu ya moto, moshi unawafukuza wadudu, na hata njaa ikibisha hodi, watu wanaitazama tu na kumeza mate. Anayeuza mbegu yake hulima mwaka unaofuata kwenye shamba la mwingine.

Gaëlle alikuwa Masisi, kwa shangazi yake, darasa la sita la sekondari. Alikuwa ametuma ujumbe kwa simu: malipo ya mtihani wa serikali yafike kabla ya Ijumaa, la sivyo jina lake halitakuwamo kwenye orodha. Mukasine akapanga hesabu yake kwa njiti za kiberiti juu ya mkeka. Kilo mia moja na thelathini zingetosha, na magunia yake mawili, kwa kichwa chake, yalikuwa na mia moja arobaini na tano: moja sabini na tano, lingine sabini. Zikishuka chini ya mia moja na thelathini, kifuko kitashuka kutoka juu ya moto. Hapakuwa na kitu cha tatu cha kuuza.

Basi akaenda kwa Straton, maana Mirenge ukisema unakwenda kuuza mpunga, umekwisha kusema unakwenda kwa Straton.

Huyu Straton si mgeni. Ni mtoto wa hapo hapo, kikulacho ki nguoni mwako. Ana depo la mabati katikati ya soko, ana kofia ya ngozi na sauti ya chini, na hajawahi kumtukana mtu. Kanisa likiwa na haja, yeye wa kwanza kutoa. Ukifiwa, anakuja na sukari. Lakini ingia depo lake siku ya kupima, simama pembeni, utazame anavyofanya kazi, na kama una roho safi itakuchafuka. Ananing'iniza gunia lako kwenye ndoana ya mizani, anasoma. Kisha anaondoa kilo mbili za gunia, na gunia lenyewe ni la nailoni, ukilikunja unalitia mfukoni. Anaondoa kilo tatu za maji, hata kama mpunga ulikaa juani wiki nzima mpaka punje inalia kwenye meno. Kisha anachukua chuma chake chenye tundu, wanachokiita sonde, anachoma gunia juu, katikati na chini, anapata konzi tatu za mpunga eti wa kuangalia ubora. Anaziangalia. Anazimwaga kwenye ndoo yake. Jioni ndoo hiyo imekuwa gunia. Na zinazomwagika chini ya ndoana huruhusiwi kuokota, ni za depo, na kuku wa Straton wamenenepa kwa hizo mpaka wanatembea kwa kuyumba. Harufu ya humo ndani ni mkojo wa panya na magunia yenye unyevu. Watu wanapanga mstari, wanaivuta harufu hiyo, na wakitoka wanasema asante.

Siku hiyo gunia la kwanza la Mukasine lilipanda ndoana, sindano ikatetemeka, ikasimama kwenye sitini. La pili hamsini na sita. Mukasine akadhani hakuona vizuri, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Sitini. Toa maji, toa nailoni, zinabaki hamsini na tano.

“Papa Straton, hii gunia iko na kilo makumi saba na tano,” alisema. “Niliibeba miye mwenyewe.”

Straton hakukasirika. Alitabasamu kwa huruma, kama unavyomtabasamia mtoto anayesema ameona malaika.

“Mama Gaëlle, balansi haina macho. Haijue kama huyu iko mujane ao tajiri.”

Watu waliokuwa kwenye mstari wakacheka kidogo, cheko la kumpendeza mwenye nyumba. Mukasine akafanya jambo ambalo hapo sokoni hawalifanyi. Alishusha gunia lake kutoka kwenye ndoana, akalifunga ukamba, akalipeleka nyumbani, kisha akarudi kuchukua la pili. Mirenge gunia lililokwisha kupimwa halirudi nyumbani. Kulirudisha ni kumwita mwenye mizani mwizi mbele ya watu, na watu wa pale wako tayari kuibiwa lakini hawako tayari kusema neno hilo. Alipopita njiani akihema, wanawake wa milangoni waliinamisha macho kwenye maharagwe waliyokuwa wakichambua.

Aliyekuja kumwona jioni alikuwa jirani yake Rosalie peke yake. Rosalie ni mjane pia, ana mashamba mawili bondeni na watoto watano, na mwaka huo alikuwa na magunia matatu. Aliketi kwenye kigoda, akauliza kama ni kweli. Mukasine akamwambia ni kweli, mizani ile inakula sehemu moja katika tano ya jasho lao kabla Straton hajaanza hata kutoa maji yake. Rosalie alijua sifa ya paji lile. Akasema basi naye magunia yake hayatatoka ndani. Siku Mukasine atakapokubali kupima, naye atapima, kabla ya hapo hapana. Mukasine akashika mkono wake, akafurahi kuliko alivyotaka kuonyesha.

Lakini utamwonyeshaje mtu kwamba mizani inasema uongo, wakati kijiji kizima hakina mizani nyingine? Kupeleka mpunga Masisi kwa pikipiki kungemeza gunia moja kati ya mawili, na njia ilikuwa imeanza kukatika kwa mvua. Mukasine alilala na hasira, akaamka nayo, akaenda nayo misa ya Jumapili. Na katikati ya misa, wakati wa sadaka, macho yake yakatua pembeni mwa altare, kwenye rundo la simenti. Mifuko ishirini, haijafunguliwa, mshono wa kiwandani bado uko, na kila mfuko umeandikwa kwa herufi kubwa: kilo hamsini. Ilikuwa zawadi ya Straton kwa ajili ya sakafu ya kanisa. Mukasine hakusikia tena misa ilivyokwisha.

Katekista, Papa Séraphin, ndiye aliyekuwa na ufunguo. Ni mzee mwema, mwembamba, wa kuamini kila anachoambiwa na aliyemwambia mwisho. Mukasine hakumficha. Alimwambia anataka mfuko mmoja aupandishe kwenye mizani ya Straton, auone uzito, kisha aurudishe mahali pake. Séraphin akasema mali ya kanisa haitoki bila yeye, na kwa hiyo watakwenda wote wawili. Hakuona ubaya wowote. Kwake yeye mizani ingesema hamsini, Mukasine angetulia, na amani ingerudi.

Jumanne ni siku ya soko. Depo lilijaa mpaka nje. Mukasine akaja na mfuko mgongoni, ukamba kwenye paji, Séraphin nyuma yake na rozari mkononi, na watu wakapisha njia kwa kuwa walitaka kuona. Akamwomba Straton, kwa heshima, ampimie simenti ya kanisa. Straton alitazama mfuko, akatazama watu. Kukataa kusingewezekana, zawadi ilikuwa yake na mizani yake. Akautundika mwenyewe.

Sindano ilisimama kwenye arobaini.

Chini ya ndoana kuku waliendelea kudonoa. Mukasine alijua sasa kila mtu ameona kwa macho yake, na ushahidi huo haukuwa wa paji la mtu mmoja. Akageuka kuwatazama majirani zake, akingoja wa kwanza kusema.

Wa kwanza kusema alikuwa Straton. Alivua kofia ya ngozi, akaishika kifuani, na uso wake ukawa wa mfiwa.

“Goma baliniibia,” alisema polepole. “Kilo kumi mu kila mufuko. Ishirini mifuko. Nilitoa kitu ya Mungu na baliniibia.”

Na hapo ndipo Mukasine alipoona jambo ambalo hatalisahau. Watu waliupokea uongo ule kwa mikono miwili. Mzee mmoja akasema wafanyabiashara wa Goma ndivyo walivyo. Mama mmoja akapiga ulimi kwa uchungu. Mwingine akasema viwanda vya siku hizi havina dini. Walikimbilia neno hilo kama watu waliokuwa wakilitafuta, na hakuna hata mmoja aliyeliamini. Mukasine alipitisha macho uso hadi uso, na kila uso ulijua. Mikono iliyotwika na kutua magunia yale kwa miaka ilijua. Akanyoosha kidole kwenye mshono wa mfuko, akasema haujafunguliwa, uzi wa kiwanda huo hapo, kilo kumi zilipitia wapi kutoka? Hakuna aliyetazama uzi.

Papa Séraphin alikwenda kumshika Straton bega.

“Papa Straton, usisikie haya,” akamwambia. “Mungu anajua kile ulitoa.”

Kisha, kwa moyo wake mwema, akatangaza pale pale kwamba Jumapili kila nyumba ilete bakuli moja la mpunga, ili kufidia simenti iliyopungua, na ili mfadhili wao asibebe hasara peke yake. Watu wakaitikia. Na mpunga huo, kwa vile utahitaji kuuzwa ili upate fedha, utapimwa hapo hapo kwenye mizani ya Straton. Mukasine aliondoka akiwa na ladha ya nyongo mdomoni, akajikuta anatema mate kando ya njia, yeye ambaye mama yake alimkataza kutema mbele za watu.

Ukitaka kuwahukumu, jua kwanza hali yao. Straton ndiye anayewakopesha chumvi mwezi wa kumi, wakati ghala halina kitu. Ndiye anayenunua hata mvua ikikata njia. Akifunga mlango wa depo mwezi mmoja, Mirenge nzima inakula majani ya mihogo matupu. Kwa hiyo walihesabu, wakaona robo ya jasho ni bei ya kuwa na mtu wa kumkimbilia. Mimi naielewa hesabu hiyo. Bado inanitia kinyaa, na Mukasine ilimtia kinyaa zaidi, kwa sababu usiku huo alianza kuihesabu naye.

Jumatano mchana Straton alikuja kwake na kilo ya sukari. Aliketi kwenye kigoda kile kile cha Rosalie. Akauliza habari za Gaëlle, akasema amesikia mtoto ana akili, akasema ingekuwa dhambi mtoto kama huyo kukosa mtihani kwa sababu ya mabishano ya watu wazima. Macho yake yalipanda taratibu mpaka kwenye kifuko kilichotundikwa juu ya moto, yakakaa hapo.

“Weye uko mama wa akili,” akasema. “Kesho, siku ya ine, kuya asubui, pita mulango ya nyuma. Iko balansi ingine. Ile njo ya kweli. Ni yako peke yako.”

Mukasine akamwuliza anataka nini badala yake. Straton akaonekana kuumia kidogo kwa swali lile. Hataki kitu, alisema. Mtu akimwuliza magunia yake yalitoka ngapi, aseme tu kile mizani ya mbele ilisema. Kwani si kweli ilisema? Kisha akaaga kwa heshima, akainama mlangoni asigonge kofia.

Alipokwenda zake, Mukasine aliisukuma ile sukari kwa mguu mpaka karibu na ukuta. Alikaa mbele ya moto akatazama mbegu ya mama yake. Aliwaza kuwaita watu tena, akaona nyuso zile za sokoni. Aliwaza kwenda kumwambia Rosalie, akainuka, akafika mpaka kwenye ua, akarudi. Simu ikalia, ni Gaëlle, anauliza kama kuna habari. Mukasine akasikia sauti yake mwenyewe ikimwambia mtoto asiwe na wasiwasi, kesho fedha zitafika.

Alhamisi asubuhi alipita mlango wa nyuma.

Mizani ya nyuma ilikuwa ya kusimama, ya chuma, safi, imefunikwa kitambaa. Ndiyo Straton anayopimia anapowauzia wenye malori, maana hao hawafanyiwi mchezo. Gunia la kwanza: sabini na tano. La pili: sabini. Kilo kwa kilo. Straton hakuondoa nailoni, hakuondoa maji, wala sonde hakuigusa. Pembeni zilikuwapo ndoo za konzi za watu, saba, zimejaa mpaka juu. Mukasine alizihesabu bila kutaka. Straton akalamba kidole gumba, akahesabu noti, akalamba tena, akahesabu, na Mukasine alipozipokea zilikuwa na unyevu wa ulimi wake. Alitaka kuzitupa. Alizifunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili, akayakaza.

Alipotaka kurudi alikopitia, Straton akamwambia apite mbele, mlango wa nyuma amekwisha kuufunga. Akamsindikiza mwenyewe kwa adabu.

Mbele kulikuwa na mstari. Na mwanzo wa mstari, na magunia yake matatu miguuni, alikuwa Rosalie. Alikuwa amesikia asubuhi kwamba Mukasine amepeleka mpunga wake, akashika neno lake, akamlipa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaja. Alipomwona akitoka ndani, uso wake ukafunguka.

“Mama Gaëlle, yako ilitoka ngapi?”

Watu wakageuka. Straton alikuwa amesimama nyuma ya Mukasine, karibu, na harufu ya sabuni yake ilimfikia. Mukasine alihisi fundo la kitenge kwenye kiuno.

“Makumi sita,” alisema. “Na ya pili, makumi tano na sita.”

Rosalie alifikiri. Alionekana mtu aliyekuwa ameandaa ugomvi na sasa hajui pa kuuweka.

“Kwa hiyo iko sawa? Balansi?”

“Iko sawa.”

Rosalie akashusha pumzi, hata akacheka kidogo, akasema afadhali, maana siku zile zote amekosa usingizi akiwadhania watu mabaya. Akaomba radhi kwa Straton, na Straton akasema hapana haja, dada. Gunia lake la kwanza likatundikwa kwenye ndoana. Straton akainama kusoma, akatangaza hamsini na nane, toa gunia, toa maji. Rosalie hakutazama sindano. Alimtazama Mukasine, akingoja, na Mukasine akatikisa kichwa kukubali.